Serikali Ilihamisha Mwaka Mpya, Ua Likabaki Pale Pale

Chukulia ni mwezi wa kumi na moja, tarehe tisa. Unapanga vile utafunga mwaka: nani anaenda ushago, deni gani utalipa na gani utalikimbia hadi Januari. Ghafla serikali inatangaza kwamba mwezi wa kumi na mbili mwaka huu utakuwa na siku mbili tu. Ile siku mlidhani ni tarehe tatu itakuwa Januari mosi, Mwaka Mpya, jipangeni. Na mshahara wa mwezi wa kumi na mbili? Sahau. Siku mbili si mwezi, na pasipo mwezi hapana mshahara.

Wasee, hii si stori ya kutunga. Ilitokea Japani mwaka wa 1872. Kutoka siku ya tangazo hadi siku ya Mwaka Mpya, watu walipewa siku 23 kujipanga.

Wengi wakisimulia hii stori huishia kwa kicheko. Mimi nataka tuifuate kupitia ua moja dogo la manjano ambalo Wajapani hulipanda nyumbani. Hilo ua lilikuwa na kazi maalum, kazi ya kufungua mwaka. Siku serikali ilipohamisha mwaka, hakuna mtu aliyeliuliza.

Ua lenye jina la baraka

Linaitwa fukujuso. Fuku ni baraka, ju ni maisha marefu, so ni mmea. Kisayansi lile linalojulikana zaidi ni Adonis ramosa, na lina ndugu zake kadhaa humo humo Japani. Zamani lilikuwa pia na jina lingine, ganjitsu-so, yaani mmea wa siku ya kwanza ya mwaka. Shika hilo jina la pili, maana ndilo lenye kesi.

Ukiliona mara ya kwanza unaweza kudhani ni utani. Bustani yote iko kavu, miti haina jani hata moja, theluji bado haijaisha, halafu kutoka kwa udongo uliokufa kinachomoza kitu kama kifundo cha kahawia. Siku chache baadaye kifundo kinafunguka na ndani kuna manjano ya kung'aa kama shilingi mpya. Kashina ni kafupi sana, ua ni kama limekaa chini. Majani hayajatoka vizuri bado. Ua limetangulia.

Na si urembo tu. Petali zake zimekaa kama bakuli, na hilo bakuli hugeuka kulifuata jua. Mwanga unakusanywa katikati, ndani ya ua panakuwa na joto kuliko hewa ya nje. Ua lenyewe halina maji matamu ya kuwapa wadudu. Linachotoa ni chavua na mahali pa kuota jua. Nzi anayetetemeka kwa baridi anaingia kujipasha joto, anatoka akiwa amebeba chavua, kazi imeisha. Wingu likipita, ua linajifunga. Jua likirudi, linafunguka tena.

Ifikapo mwanzo wa kiangazi, majani yake laini kama ya karoti yananyauka na kupotea kabisa. Mwaka mzima wa huu mmea umebanwa ndani ya miezi michache ya kabla miti mikubwa haijavaa majani na kuziba jua. Baada ya hapo unalala chini ya udongo hadi baridi ingine. Yaani fukujuso ni saa. Inasoma baridi na jua, inajua wakati wake ni upi.

Mwaka ulipokuwa unaanza na ua

Kabla ya 1873, Wajapani walihesabu siku kwa mwezi na jua kwa pamoja. Ukiwa na jirani Mwislamu hii utaielewa haraka. Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, kwa hivyo inapungukiwa na siku kama 11 ukilinganisha na mwaka wa jua. Kalenda ya Kiislamu inaacha hiyo tofauti iende, ndiyo maana Ramadhani inazunguka mwaka mzima. Wajapani, kama Wachina ambao waliwafunza hesabu hiyo, waliirekebisha. Kila baada ya miaka miwili au mitatu waliongeza mwezi wa kumi na tatu ili majira yasipotee njia.

Kwa hesabu hiyo Mwaka Mpya uliangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari za kalenda ya sasa. Nje bado ni baridi, lakini jua limeanza kurudi, na kwao hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya majira ya kuchipua. Mwaka na majira vilifungua mlango pamoja. Ni wakati huo huo ambapo kwenye bustani za Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo, fukujuso lilikuwa linaanza kuchungulia. Sasa unaelewa kwa nini lilipewa jina la siku ya kwanza ya mwaka. Lilikuwa linaripoti kazini kwa wakati.

Edo yenyewe ulikuwa mji wa watu zaidi ya milioni moja, na walikuwa wagonjwa wa maua. Vita vilikuwa vimekwisha tangu mwanzo wa miaka ya 1600, samurai walikuwa na panga na hawana wa kupigana naye, na wale wa vyeo vya chini mshahara hauwatoshi. Wengi wakaingia hustle ya maua. Samurai wa mtaa wa Ōkubo walijulikana kwa azalea zao. Mtu wa kawaida naye, kwenye kichochoro ambacho hakina hata futi moja ya shamba, alipanga vyungu mlangoni. Robert Fortune, Mskoti aliyezunguka Asia akitafuta mimea, alifika Edo mwaka wa 1860 akashangaa kukuta hata watu wa tabaka la chini wanapenda maua kiasi kile.

Fukujuso liliingia kwenye huo wazimu. Kufikia mwisho wa enzi ya Edo kulikuwa na aina zaidi ya mia moja zilizochaguliwa na wakulima: nyekundu-machungwa kama Chichibu-beni, inayobeba jina la sehemu ya Chichibu, zenye petali zilizochanika ncha kama pindo la leso, na moja inayoitwa Sandanzaki, ambayo huchanua kwa tabaka tatu, manjano, kijani, halafu manjano tena. Ukumbuke mmea huu kutoka mbegu huchukua miaka mitano au zaidi ndipo utoe ua la kwanza. Aina mia moja maana yake ni watu waliongoja sana.

Mwaka Mpya ukifika, chungu cha fukujuso kiliwekwa sebuleni mahali pa heshima. Wakati mwingine kiliwekwa pamoja na nanten, kichaka chenye vitunda vyekundu, kwa sababu jina nanten linasikika kama kugeuza shida. Ukiweka vyote viwili pamoja umesema: shida igeuke iwe baraka. Mchezo wa maneno kama wa kanga, lakini kwa mimea.

Siku mbili za Disemba

Mwaka wa 1868 utawala wa shogun ukaanguka, ikaja serikali ya Mfalme Meiji. Hawa watu walikuwa na haraka. Waliona vile mataifa ya Ulaya yalivyoifanyia China, wakaamua Japani itajibadilisha kabla ya kubadilishwa. Jeshi, shule, reli, nguo, nywele. Na kalenda. Huwezi kuandikiana mikataba na biashara na Uingereza au Marekani wakati tarehe zenu hazipatani.

Hiyo ndiyo sababu ya heshima. Ya pili ni ya mfuko. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wameanza kulipwa kwa mwezi. Na mwaka uliofuata, kwa kalenda ya zamani, ulikuwa na mwezi wa nyongeza. Miezi 13, mishahara 13. Hazina ilikuwa imekauka. Ōkuma Shigenobu, mmoja wa vigogo wa serikali ile, alikuja kueleza baadaye kwamba hesabu ya mishahara ilichangia ile haraka. Ukihamia kalenda ya Ulaya, mwezi wa kumi na tatu unapotea. Na ukihamia katikati ya Disemba, au tuseme siku mbili ndani ya Disemba, huo nao hulipi. Miezi miwili ya mishahara imeokolewa kwa karatasi moja.

Kwa hivyo siku ambayo ingekuwa tarehe tatu ya mwezi wa kumi na mbili ikawa tarehe 1 Januari 1873. Wachapishaji waliokuwa tayari wamechapa kalenda za mwaka mpya wakabaki na marundo ya karatasi za kufungia bidhaa. Msomi Fukuzawa Yukichi akaandika haraka kijitabu cha kuelezea wananchi kalenda mpya ni nini, na kikanunuliwa sana, maana watu walikuwa wamepotea kabisa. Wakulima kwingine walikasirika waziwazi. Katika baadhi ya maasi ya 1873, kurudishwa kwa kalenda ya zamani kulikuwa kwenye orodha ya madai, pamoja na hasira za kodi na kuandikishwa jeshini.

Mwaka ule, Mwaka Mpya wa zamani ungeangukia tarehe 29 Januari. Serikali ilikuwa imeusukuma mbele ya wakati wake kwa siku 28.

Vitu vilivyoachwa nyuma

Ukivuta tarehe, vitu vilivyofungwa kwenye tarehe vinavutwa pia, lakini si vyote hukubali kuja.

Sikukuu ya wasichana, tarehe tatu mwezi wa tatu, inaitwa pia sikukuu ya mipichi. Kwa kalenda mpya, tarehe 3 Machi mipichi ya bustanini sehemu nyingi za Japani bado imelala. Tanabata, usiku wa nyota wa tarehe saba mwezi wa saba, ulikuwa unaangukia Agosti anga ikiwa safi. Sasa 7 Julai ni katikati ya mvua, nyota hazionekani. Mji wa Sendai ulichoka na huo mchezo, wao husherehekea Agosti. Na hadi leo kadi za Mwaka Mpya huandikwa maneno ya kukaribisha majira ya kuchipua, wakati anayeisoma amejifunika blanketi na baridi kali zaidi ya mwaka ndiyo inakuja. Maneno yalihama na tarehe, lakini maana yake ilibaki Februari.

Na fukujuso je? Vitabu vya maneno ya majira vinavyotumiwa na washairi wa haiku bado vinaliweka chini ya Mwaka Mpya. Kwenye makaratasi, kazi yake haijabadilika. Lakini kwenye udongo wa Tokyo linachanua Februari, kaskazini huko Hokkaido hata Aprili. Tarehe 1 Januari liko chini, limefunika macho.

Suluhisho lilikuwa kuliamsha kwa nguvu. Hata enzi ya Edo kulikuwa na wakulima waliopasha mimea joto kwenye vyumba maalum ili iwahi soko. Baada ya 1873 kile kilichokuwa msaada kidogo kikawa lazima. Mkulima huchimba mmea vuli, anauacha upigwe baridi kwanza kwa sababu bila baridi hauamki, kisha Disemba anauingiza grinihausi. Mmea unadanganywa kwamba Februari imefika. Unachanua, unauzwa kwenye chungu kidogo pamoja na msonobari na mianzi, unakaa mezani Januari mosi ukionekana poa sana.

Hapa Kenya tunaijua hiyo biashara. Waridi la Naivasha hupogolewa kwa hesabu ili lifike Ulaya kabla ya tarehe 14 Februari. Tarehe ikiwa na pesa, ua litatii.

Lakini kuna gharama. Mizizi ya fukujuso ni minene, mirefu na mingi, kama tambi nyeusi. Haiwezi kutoshea kwenye chungu cha urembo, kwa hivyo mara nyingi hukatwa. Mmea umechanua kwa akiba ya mwaka jana huku mizizi imepunguzwa, na uko ndani ya nyumba yenye joto na giza. Ukiuacha hapo, una uwezekano mkubwa wa kufa. Watu hutupa chungu na kununua kingine Disemba ijayo.

Kwenye bustani ya nyumbani

Wapo wasiotupa. Hapa ndipo hii stori inanishika mimi.

Ukisoma maelekezo ya kulea fukujuso nyumbani, utakuta kazi yote ni kuurudishia mmea wakati wake. Maua yakiisha, unautoa kwenye chungu taratibu bila kukata mzizi mwingine, unaupanda kwenye udongo wenye rutuba usiotuamisha maji. Mahali bora ni chini ya mti unaopukutisha majani. Kwa nini? Kwa sababu baridi ikifika mti uko uchi na jua linapita hadi chini, mmea unapata mwanga wake wote. Kiangazi kikifika mti umevaa majani na kivuli kinaulinda ukiwa umelala. Usidhani umekufa ukachimba. Usiache udongo ukauke kabisa. Majani yakiwa mabichi usiyakate, hiyo ndiyo jiko la mmea, ndiyo yanapika chakula cha ua la mwaka ujao. Ukitaka kuugawa, ngoja vuli.

Na usionje. Mmea wote una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na Japani watu wameshawahi kuumwa kwa kuchanganya vichipukizi vyake na fukinoto, mboga ya porini inayochomoza wakati huo huo.

Mwaka wa kwanza baada ya kuhamishwa huenda usione ua la maana. Baadaye, kama ulifanya mambo fiti, linatoka lenyewe. Na halitoki Januari mosi. Linatoka Februari, karibu na pale Mwaka Mpya wa zamani ulipokuwa. Mwenye bustani hajafungua kitabu chochote cha historia, lakini kwenye kipande chake kidogo cha udongo kalenda iliyofutwa mwaka wa 1872 imejiandika tena kwa manjano.

Nani anaweka saa

Huko Hokkaido, Waainu, wenyeji wa kisiwa hicho, walikuwa na jina lao la ua hili: chirai-apappo. Chirai ni samaki mkubwa wa mtoni, apappo ni ua. Ua likichanua, yule samaki anapanda mto, tayarisha vyombo. Hawakuhitaji tangazo. Ni serikali ile ile ya Meiji iliyokibandika kisiwa chao jina la Hokkaido mwaka wa 1869, miaka michache tu kabla ya kubadilisha tarehe za kila mtu.

Sisemi kalenda mpya ilikuwa kosa. Japani ilihitaji kuongea na dunia, na leo hakuna anayetaka kulipwa kwa mwandamo. Ninachosema ni kwamba tarehe si kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliiamua, mara nyingi kwa sababu ya pesa, na watu wa kawaida wakabaki kutafuta njia ya kuishi na saa mbili. Kalenda rasmi ya Japani yenyewe iliendelea kuchapisha tarehe za zamani kando ya mpya hadi 1909, kwa sababu wakulima hawakuziachilia. Itoman huko Okinawa, mji wa wavuvi, Mwaka Mpya wa zamani husherehekewa hadi leo, maana bahari hufuata mwezi.

Tangazo lile la 1872 lilifuta pia saa za zamani za Kijapani, zilizogawa mchana kuanzia alfajiri hadi magharibi, likaleta saa 24 za Ulaya. Sisi tunaoongea Kiswahili hilo halijatupata. Simu yako inaandika 7:00 na wewe unasema saa moja, bila hata kufikiria. Unahesabu kutoka jua lilipochomoza. Kila siku unabeba saa mbili kichwani, na ile ya zamani bado inafanya kazi kwa sababu uko nayo mdomoni.

Mila haifi kwa sababu vijana hawajali, vile tunaambiwa kila siku. Wakati mwingine huwa imekatwa kutoka kwa kile kilichoipa maana, halafu watu wanabaki wakifanya mwendo bila kujua kwa nini: kadi ya kukaribisha joto katikati ya baridi, sikukuu ya mipichi bila mipichi, ua la kulazimishwa kwenye chungu. Ukitaka kuiokoa, rudi uulize ilikuwa imefungwa kwa nini. Mvua gani, samaki gani, jua la saa ngapi. Kisha tafuta kipande cha udongo, na uwe na subira ya miaka mitano.